Mpagazi wa Wickenden Road

Mapipa ya taka hutolewa Jumatano jioni. Hilo ndilo lililoandikwa juu kabisa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa friji, juu hata ya dawa za mgonjwa. Nimetunza wazee katika nchi hii miaka sita, na nakwambia Mwingereza anaweza kusahau siku aliyozaliwa mama yake, lakini siku ya pipa hasahau. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza kuanzia mwanzo hadi mwisho, isipokuwa maneno matatu ya mwisho. Aliyekuwa na kazi ile kabla yangu, Mkenya mwenzangu aliyeitwa Peris, alikuwa ameandika kwa Kiswahili: kabla ya giza. Akayapigia mstari mara mbili.

Nilidhani ni kwa sababu ya baridi.

Naitwa Mwende. Naishi Wembley, chumba kimoja na bafu la kushirikiana, mimi na binti yangu Marion wa miaka minane. Desemba ile nilikuwa na uchovu ambao usingizi hauuwezi. Nilikuwa nimemaliza wiki tatu za zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee kule Kenton, miguu imevimba hadi viatu vinakataa, ndipo ejensi inayonipangia kazi ikapiga simu. Kuna mama mmoja nje ya London, mwendo wa saa moja na nusu kwa treni na basi. Jean, miaka themanini na moja. Amevunjika nyonga, anataka mtu wa kukaa naye usiku na mchana kwa siku kumi na moja. Baada ya hapo ningepumzika nyumbani mpaka mwaka mpya. Nikamwacha Marion kwa Bi Kalpana, mwenye nyumba wetu, Mhindi aliyezaliwa Kisumu na anayekijua Kiswahili kuliko watoto wetu wa huku. Nikamwahidi Marion kwamba Jumamosi ya pili niko nyumbani. Kwa mwaka mzima ule hatukuwahi kukaa pamoja wiki moja nzima, na nilikuwa nimeanza kuona anapozungumza nami anazungumza kama na mgeni.

Nyumba ya Jean zamani ilikuwa stesheni ya reli. Iliitwa Wickenden Road, ingawa kijiji cha Wickenden chenyewe kiko maili mbili juu ya kilima, na Jean alisema abiria wageni walikuwa wakishuka pale, wakitazama huku na huku, kisha wakitukana. Ilifunguliwa mwaka 1874 kwa ajili ya maziwa. Alfajiri madebe yalipakiwa kwenda London, na jioni treni ilirudi na madebe matupu na watu wachache. Wakati wa vita, watoto wa London walishushwa pale na majina yao yakining'inia shingoni. Halafu watu wakanunua magari, abiria wakapungua, na Desemba 1964 stesheni ikafungwa pamoja na nyingine nyingi ndogondogo. Reli ziling'olewa zikaenda kuwa chuma chakavu. Baba yake Jean, stesheni masta wa mwisho, akabaki na nyumba. Palipokatiwa tiketi ndipo palipokuwa jikoni. Chumba cha kusubiria cha wanawake ndimo nilimolala mimi. Na jukwaa lilikuwa bado lipo, linapita chini ya madirisha hadi getini, mawe yake yameshika kuvu ya kijani. Palipokuwa na reli palikuwa na miiba na maji yaliyotuama.

Nilifika Jumanne usiku. Jumatano mchana nikamwogesha Jean, nikambadilishia shuka, nikampa supu. Alikuwa mwanamke mdogo, mwenye macho ya buluu yaliyoingia ndani. Ilipofika saa tisa na nusu akaanza kuhangaika. Mikono ikitembea juu ya blanketi.

"Mwende, kuna mtu nje?"

Nikachungulia. "Hakuna mtu, Jean." Miaka sita, na bado ulimi unaniuma kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake kavu.

"Bado," alisema.

Nikakaa kwenye kiti kando ya kitanda, nifumbe macho dakika mbili tu. Nilipoyafumbua, dirisha lilikuwa limegeuka rangi ya majivu. Saa kumi ilikuwa imeshapita. Jean alikuwa macho, ananitazama. Alikuwa ananitazama muda wote, na hakuniamsha.

"Mapipa," akasema taratibu.

Nikavaa koti.

Nje palikuwa kimya, ule ukimya wa mashambani ambao mtu wa Wembley hauzoei. Nikavuta pipa la kijani juu ya mawe. Magurudumu yakakwaruza... krr, krr, krr. Katikati ya jukwaa mkono ukachoka. Nikasimama.

Sauti haikusimama.

Krr... krr...

Ilitoka pale kwenye miiba. Chuma juu ya chuma. Kisha pumzi ndefu, kama ng'ombe mgonjwa akilala chini... Mlango mzito ukafunguka, ukabamizwa. Harufu ya moshi wa makaa ikanijia usoni, na harufu ya koti la sufu lililolowa.

Nikageuka.

Mzee alikuwa amesimama jukwaani. Koti jeusi hadi magotini, kofia, na sanduku la ngozi lililofungwa kwa kamba, amelishika mbele yake kwa mikono miwili. Alikuwa peke yake na alionekana amechoka sana, na mimi nilimhurumia. Nasema hivi ili usije ukadhani niliogopa. Uoga ulikuja baadaye. Wakati ule niliwaza tu, ni ndugu yake Jean amekuja kumjulia hali, na mkono wangu ukawa tayari umeshanyooka.

Nilikolelewa, kule Kitui, mtu mzima hafiki kwenu ameshika mzigo nawe ukamtazama. Unatoka mbio, unampokea. Husubiri kuombwa. Huulizi ni nani wala ametoka wapi; ukiuliza kwanza, umemtukana. Mama yangu aliwahi kunichapa kwa kumwacha shangazi abebe kikapu chake kutoka njiani hadi mlangoni, na kikapu chenyewe kilikuwa cha mchicha. Huku London nimewapokea mizigo watu ambao hadi leo wanadhani nilitaka kuwaibia.

"Mzee, lete nikupokee," nikasema. Kiswahili kilinitoka chenyewe. Nikarudia kwa Kiingereza.

Akautazama mkono wangu. Muda mrefu.

"Wewe ndiye mpagazi?" akanong'ona.

Nikacheka kidogo. "Leo ni mimi."

Akaachilia sanduku. Kamba yake ilikuwa na barafu. Lilikuwa jepesi, nikadhani halina kitu. Nikatangulia kuelekea getini, nikiongea kuhusu baridi na mabasi ya mashambani, yale maongezi ya kumfanya mgeni asijione mgeni. Nyuma yangu nilisikia viatu vyake... tak, tak, tak. Nilipofika getini nikageuka kumwambia angalia usiteleze.

Hapakuwa na mtu.

Jukwaa tupu. Pipa moja katikati. Na mimi nimesimama getini na sanduku la mtu mkononi.

Nililipeleka ndani kwa kuwa sikujua la kufanya nalo. Jean alipoliona hakuuliza kitu. Alivuta pumzi, akaitoa, na machozi yakamtiririka hadi masikioni. Usiku ule alilala kwa muda wa saa kumi na mbili bila kujigeuza. Asubuhi sanduku halikuwa pale nilipoliweka, chini ya meza, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Nani yule?" nikamuuliza nilipompelekea chai.

"Hatukuwahi kujua jina lake," akasema Jean.

Akanieleza akitazama ukuta. Treni ya mwisho kabisa ilikuwa ya Jumamosi jioni, theluji imejaa. Asubuhi ya siku ile barua ilikuwa imetoka ofisi kuu, na mpagazi wa stesheni alikuwa ameachishwa kazi. Treni ikaja, ikashusha abiria mmoja tu. Akasimama na sanduku lake akisubiri kupokewa, kwa sababu enzi zile mpagazi ndiye aliyebeba. Baba yake Jean akamwambia stesheni imefungwa, beba mwenyewe. Akaingia ndani. Jean alikuwa na miaka ishirini na moja, yuko dirishani anachana nywele za kwenda dansi.

"Nilimwona anasubiri," alisema. "Nikafunga pazia."

Asubuhi walimkuta kwenye benchi, amekaa wima, sanduku magotini. Alikuwa ameganda. Ndani ya sanduku mlikuwa na shati moja safi na jozi ya viatu vya mtoto, vipya. Hakuna aliyekuja kumuulizia. Kama kulikuwa na mtu aliyemngoja getini siku ile, au mahali pengine popote, hakujulikana.

"Mwaka uliofuata akaanza kushuka," Jean akasema. "Baba hakumwona. Mimi nilimwona. Nilivumilia mwezi mzima. Kisha nikatoka, nikampokea, kwa aibu."

"Halafu?"

"Halafu miaka sitini, Mwende. Kila jioni. Sikuolewa. Nilikwenda Brighton mara moja, akashukia Brighton. Popote ulipo giza likiingia, anashukia hapo. Nilipovunjika nikashindwa kutoka, akawa anaingia. Anasimama hapo miguuni pa kitanda mpaka asubuhi. Hasemi kitu. Anangoja."

Sikutaka kuuliza, lakini nikauliza. "Na mimi naingiaje?"

"Mtu akishalipokea sanduku kwa hiari yake, ni lake. Mpaka mtu mwingine alitwae kutoka mkononi mwake, naye kwa hiari yake, au alipokee kwa mzee mwenyewe. Nimejaribu watunzaji saba wa hapa. Wanamuuliza kama yuko salama, halafu wanapita. Siku moja nikamwona Peris akitoka mbio kumpokea nesi mkoba. Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza desturi yenu, tena kwa fahari. Peris alikuwa akiondoka saa nane mchana, hakutaka giza limkute hapa. Kwa hiyo nikaiambia ejensi nataka mtu wa kwao, wa kulala."

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwangu.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuwa nimechoka."

Nilitaka kumpiga. Ule mwili mdogo ningeuvunja kwa kofi moja, na sioni aibu kusema. Badala yake nikamgeuza ubavu, nikampaka mafuta mgongoni asipate vidonda vya kitandani, kwa sababu ilikuwa saa tatu na saa tatu ndiyo saa ya kumgeuza. Kazi hii hufika mahali ikakufanya mjinga.

Nilijiambia ni maneno ya kikongwe. Jioni ile nikafunga milango, nikawasha taa zote na redio.

Saa kumi na dakika tano redio ikakwaruza.

Krr... krr...

"Mpagazi..." Sauti ilikuwa dirishani, chini, ya mtu mwenye adabu. "Mpagazi..."

Nikatoka. Ungefanya nini? Nikapokea, nikatembea hadi getini na tak, tak, tak nyuma yangu. Hakuna aliyekuwa akimngoja. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Sanduku likawa linaongezeka uzito, kila siku kidogo tu. Nilipolitua, uzito haukushuka nalo. Ulibaki mabegani, nikalala nao, nikaamka nao. Ule uchovu niliokwenda nao kutoka Kenton nikaanza kuuona kuwa ulikuwa mapumziko.

Kilichonishikilia kilikuwa Jumamosi. Kufika nyumbani. Nilijidanganya kwamba London ina taa nyingi mno kwa kitu kama kile, kwamba mzee wa mashambani angepotea tu kati ya watu wa Wembley kama tulivyopotea sisi wote.

Jumamosi niliondoka saa sita. Treni zikachelewa kwa zaidi ya saa mbili, kulikuwa na mechi uwanjani na magari yamejaa watu wenye skafu. Niliposhuka Wembley ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano na taa zilikuwa zinawaka. Bi Kalpana alikuwa amesimama mwisho wa jukwaa na Marion. Mtoto aliponiona alikimbia. Hakunikumbatia kwanza, alinipokea begi, akalitundika begani mwake likamfika magotini, ndipo akanikumbatia. Nilimfunza mwenyewe. Ni desturi moja tu ya kwetu aliyokubali kuishika, na nilikuwa nikijisifia kwayo kanisani.

Nilimshika kwa nguvu. Nikasema moyoni, basi, nimefika.

Harufu ya makaa...

Mlango wa behewa nyuma yangu ulikuwa bado wazi. Akashuka, mguu mmoja, kisha wa pili, kofia na koti na sanduku. Watu wa mechi wakampita huku na huku wakiimba, hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemtazama.

Marion alimtazama.

"Mummy," alisema, "he's so tired. Nobody's helping him."

Na mkono wake ukanyooka.

Sikumbuki kufikiri. Nilimsukuma mwanangu. Nilimsukuma kifuani kwa mikono miwili akaanguka chali kwenye saruji, na nikalinyakua lile sanduku kabla vidole vya mzee havijaachia. Mtu mmoja akapiga kelele, "Oi!" Bi Kalpana akashika mdomo. Marion hakulia mara moja. Alinitazama kwanza.

"You pushed me," akasema. "Mummy, you pushed me."

Nilipandisha sanduku ngazi zote zile hadi nje, zito kupita kiasi, tak, tak, tak nyuma yangu. Mlangoni kulikuwa na maelfu ya watu na hakuna hata mmoja aliyemngoja. Bi Kalpana aliponifikia na mtoto, nilikuwa nimeketi kwenye ukingo wa barabara na mikono mitupu, sanduku limeshatoweka, nalia.

"Mwende, mama, una nini wewe?" alinong'ona.

Nikamwambia Jean amezidiwa, lazima nirudi. Alijua ninadanganya. Alimkumbatia Marion akamgeuza uso wake kwenye sari asinione nikiondoka. Kesho jioni Marion angekuwa mwepesi kuliko mimi, au kesho kutwa. Yule mtoto ana mikono ya haraka. Ndiyo maana nilirudi Wickenden Road usiku uleule, na Jumatatu nikaiambia ejensi nitaendelea na Jean bila kikomo. Walifurahi kweli. Walinitumia kadi.

Krismasi ilinikuta huko. Mwaka mpya pia. Nilimpigia Marion asubuhi tu. Siku ya kwanza alikataa kuja kwenye simu. Baadaye alikuwa akija, anajibu "yes" na "no" na "okay". Jean kwa upande wake alinenepa. Alilala, alikula, alianza kutembea na fremu yake ya kujishikiza akiimba nyimbo za dansi za ujana wake. Mimi nikawa sipandi ngazi bila kushika ukuta.

Katikati ya Januari ejensi ikasema sheria inanidai siku moja ya mapumziko, wakamtuma Njenga anishikie zamu. Namjua Njenga kutoka kanisani Wembley. Alikuwa mwalimu wa hesabu kule Murang'a, sasa ni mtunzaji kama sisi wote, shemasi, mtu wa sauti ya chini. Miaka minne hakuwa amemwona mkewe, Mama Eddie, na watoto wao wawili. Wiki ile viza zao zilikuwa zimetoka. Alifika saa saba mchana na chapati zimefungwa kwenye foili, bado zina joto la mkoba wake, na akanionyesha tiketi za ndege kwenye simu kabla hata hajavua koti.

Nilimwambia yote. Naomba hilo lijulikane. Nilimkalisha jikoni, pale palipokatiwa tiketi, nikamweleza kuanzia mapipa hadi Wembley. Hakucheka. Alizungusha kikombe chake muda mrefu.

"Mama Marion, mimi nakuamini," alisema.

"Basi ikifika saa kumi usitoke nje. Usikie nini, uone nini. Usitoke, Baba Eddie. Nitampokea mimi, ndipo niondoke."

"Sawa. Nitaomba."

Alikuwa akiomba nilipotoka, nilimsikia kupitia mlango. Mzee alishuka. Nilipokea. Sasa nilihitaji mikono miwili na mgongo wote. Hatua kumi, ishirini. Katikati ya jukwaa goti langu la kushoto likakataa, likaenda chini juu ya mawe, na la kulia likafuata. Sikuweza kusimama wala kuachia. Nilibaki nimepiga magoti na lile sanduku kifuani, mzee amesimama nyuma yangu, anangoja kwa adabu zake zilezile.

Mlango ukafunguka.

"Nilikwambia usitoke," nikasema.

Njenga alikuja akitembea, hakukimbia. Alimtazama mzee, akajua. Uso wake ulikuwa wa majivu. Na bado akaja. Akainama mbele yangu, akanyoosha mkono.

"Lete, Mama Marion," akanong'ona. "Umechoka."

Nilisema hapana.

Mtu asiye wa kwetu akisikia atasema basi ulikataa, huna lawama. Lakini wewe unaijua ile hapana. Mtu anapotaka kukupokea mzigo, unasema hapana mara moja, kidogo, kwa heshima, na yeye anajua hukukataa, na mkono wake haurudi. Ziko hapana nyingine. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kumng'ata. Mwanangu nilimsukuma hadi akaanguka ili asiliguse, na Njenga nilimwambia hapana ya heshima, nikalegeza vidole.

Lilitoka mikononi mwangu jepesi kabisa.

Nikapumua. Hewa iliingia hadi tumboni, na ilikuwa tamu, na kwa muda ule sikumwaza Mama Eddie wala watoto wake. Njenga akajitwisha, akatembea kuelekea getini na tak, tak, tak nyuma yake. Mimi nikaenda ndani kuchukua begi langu.

Sasa nipo nyumbani kila jioni. Marion alichukua muda, lakini ameanza tena kunisimulia ya shuleni, na wiki jana alilala kichwa chake mapajani mwangu. Kitu pekee nilichombadilishia ni kwamba asimpokee mtu yeyote mzigo. Ameniuliza sababu. Nimemwambia huku si kwetu.

Njenga hakuwahi kunilaumu. Alinipigia simu mara moja tu, mwisho wa Februari, asubuhi, sauti imekwisha kabisa.

"Ndege yao inatua saa kumi na moja jioni," alisema. "Siwezi kuwa hapo. Eddie ana miaka kumi, Mama Marion. Nimemlea vizuri. Waambie niko zamu. Nitawaona asubuhi."

Nikaenda. Nilisimama pale uwanja wa ndege na karatasi yenye jina lao. Mama Eddie alitokea akisukuma kigari kilichojaa, begi jingine begani, kikapu mkononi, na watoto wawili wanaburuta masanduku yao. Macho yake yalikuwa yakitafuta mtu mmoja. Aliponiona na ile karatasi akaelewa, akatabasamu hivyohivyo, akanisogelea. Akasimama mbele yangu, begi likimteleza begani, akingoja kile ambacho mtu yeyote wa kwao angengoja.

Mikono yangu ilikuwa mfukoni. Niliikunja ngumi.

Nikamsalimia. Nikampa pole ya safari. Nikamwambia Baba Eddie yuko zamu. Nikatangulia kumwonyesha njia ya treni, na nyuma yangu nikawasikia wakivuta mizigo yao, magurudumu yakikwaruza sakafu. Kwenye lifti alishindwa kuvumilia. Hakusema kwa ubaya, alikuwa mwanamke mpole aliyechoka na safari ya usiku na mchana.

"Dada," akaniambia, "kumbe mtu akikaa huku sana anasahau ya kwao?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Tunasahau."